Cheti Changu Kilipata Kazi, Mimi Sikupata

Nyinyi mnaonifuata tangu mwanzo mnakumbuka tulipoachana. Nilikuwa nimesimama katikati ya ofisi ya Bwana Kipketer pale Nakuru, watu wote benchini wananikodolea macho, naye ameniambia bila kupepesa jicho kwamba cheti changu kiko safarini.

Safarini. Utadhani kimepanda treni na kufungashiwa viazi vya njiani.

Aliyenikuta leo nitamweleza kwa ufupi, maana nikirefusha nitaanza kutukana. Mimi ni mkunga. Nilifundishwa miaka mitatu katika hospitali ya misheni, nikapewa cheti, kisha nikafukuzwa kwa sababu nilimwambia Sista Mkuu kwamba mama mwenye uchungu hangoji sala ziishe. Nikaja Nakuru. Nikaona tangazo limebandikwa ukutani: "Wasomi, kazi nzuri zinawangoja." Nikapanda ngazi juu ya duka la fundi cherehani, na huko ndiko nilikokutana na Bwana Kipketer na tai yake.

Nililipa ada ya kuandikishwa. Nikalipa ada ya kutungiwa barua ya sifa, kana kwamba sifa zangu zilikuwa hazijui kusimama zenyewe. Nikalipa ada ya mtihani wa Kiingereza, na mtihani wenyewe ulikuwa Bwana Kipketer kuniuliza kama mvua itanyesha. Kisha nikamwachia cheti ili awaonyeshe mabwana. Tangu mahindi yalipopandwa mpaka yakavunwa sikuona bwana wala kazi.

Na cheti kile ni kimoja tu. Sista Mkuu aliapa kwamba hataniandikia kingine, na yule mama si mtu wa kuvunja kiapo. Bila karatasi ile mimi ni msichana yeyote aliyevaa viatu.

"Safari ya kwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwa mabwana, dada. Wazungu wanasoma polepole. Subira huvuta heri."

"Basi hiyo heri ijivute yenyewe. Mimi nataka cheti changu."

Akacheka, akawatazama waliokaa benchini kama mwalimu anayewaonyesha watoto mwenzao mtundu. "Mnaona? Bwana mkubwa akiniuliza huyu ni mtu wa namna gani, nitamwambia nini? Hasira haiandikwi kazi."

Hapo nikasema lile nililokuwa nimelimeza wiki nzima.

Kila Jumatatu alikuwa akija bwana mmoja mwenye koti la kijivu, amekumbatia kuku. Anasimama mlangoni ili kila mtu amwone, anasema kwa sauti kubwa, "Bwana Kipketer, asante sana, nimeandikwa karani wa reli," na anamkabidhi yule kuku. Wiki nyingine alikuwa ameandikwa kwenye kinu cha unga. Wiki nyingine benki. Sisi wa benchini tulikuwa tukipiga makofi, na wale wageni wa siku hiyo walikuwa wakikimbilia kulipa ada.

"Yule kuku ni chongo," nikawaambia. "Jicho lake la kushoto limeziba. Nimemwona Jumatatu hii, nimemwona Jumatatu iliyopita, na ile nyingine pia. Ni kuku mmoja. Anashukuru kila wiki na hachinjwi."

Nilidhani benchi lote litainuka. Nilidhani tutamshika Kipketer kwa tai yake tumshushe ngazi.

Hakuna aliyeinuka. Mwalimu Kiptanui, mtu mzima, aliyesomesha nusu ya watoto wa Baringo kabla ya shule yake kufungwa, ndiye aliyefungua kinywa. Hakumtazama Kipketer. Alinitazama mimi.

"Keti, dada," akasema.

"Mwalimu, umenisikia habari za kuku?"

"Mimi nilimwona huyo kuku zamani. Kabla yako."

"Na ukanyamaza?"

"Nikisema nimejua, kesho nitaenda wapi?" Akashusha sauti. "Nyumbani wanajua nimekuja Nakuru kutafuta kazi. Hapa naweza kuwaandikia kwamba bado naingoja. Keti, tafadhali. Usituharibie."

Jamani, nimekasirika mara nyingi maishani, lakini siku ile sikujua hata nimkasirikie nani. Mwizi yuko pale mezani ananoa penseli, na walioibiwa ndio wanaoniambia mimi niketi. Nikatoka. Nyuma yangu nikamsikia Kipketer akimwambia mgeni mmoja, kwa sauti ya asali, kwamba mkono mtupu haulambwi.

Nikishuka ngazi nikakumbuka siku ya kwanza nilipompa cheti kile. Hakuniuliza nimezalisha akina mama wangapi, wala kama najua kugeuza mtoto aliyelala vibaya. Alikitazama, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza, "Wameandika Jepkoech peke yake? Jina la baba hakuna?"

"Hakuna," nikamjibu. "Kule wodini tulikuwa na Jepkoech mmoja tu. Sista aliona jina moja linatosha."

"Hata la ubatizo?"

"Hata hilo."

Akatabasamu. Mimi kwa ujinga wangu nilidhani amependa mwandiko.

Sasa nyinyi msiojua majina yetu, sikilizeni. Kwetu mtoto wa kike akizaliwa alfajiri anaitwa Jepkoech. Hakuna zaidi ya hapo. Na alfajiri inakuja kila siku, toka Nandi mpaka Marakwet. Ukisimama sokoni Eldoret ukaita Jepkoech, watageuka wanawake wa kujaza lori. Mzungu hajui hilo. Sista hakujua. Lakini Kipketer ni mtu wetu, alijua sana.

Nilikuwa nimefika kwenye bomba la maji la sokoni niliposikia mtu akiniita nyuma. Kugeuka, ni bwana wa koti la kijivu. Mikono yake mitupu.

"Kuku wako yuko wapi?" nikamwuliza, na sikumwuliza kwa upole.

"Ameliwa," akasema. "Jana Bwana Kipketer alipata wageni, bibi yake akachinja. Leo asubuhi nimeambiwa nisirudi mpaka apatikane mwingine. Naitwa Mburu."

"Sina haja na jina lako. Umewala watu wangapi na huyo kuku?"

Alikubali tusi lile kama mtu anayekubali mvua. Akatoa mfukoni pasbuku yake, kile kitabu cha ruhusa ya kazi, akaifungua mahali pa sahihi ya mwajiri. "Unaona hapa? Kipketer. Mimi ni Mkikuyu, dada. Na hii Hali ya Hatari, nikikosa mtu wa kutia sahihi hapa nafukuzwa mjini narudishwa rizavu na watoto kesho yake. Mimi pia nililipa ada yake. Mimi ni karani kabisa, nimefanya kazi ya vitabu huko Gilgil. Nilipoishiwa pesa akaniambia, sina kazi ya karani, lakini nina kazi ya kushukuru. Mshahara ni sahihi."

"Na sasa amekunyima sahihi ndiyo unakumbuka kuniambia?"

"Ndiyo," akasema. "Sitakudanganya. Sasa ndiyo nakumbuka."

Huyo angalau alikuwa mkweli. Nikamwambia aseme.

"Cheti chako hakiko safarini. Kimeandikwa kazi. Mimi mwenyewe ndiye nilikipeleka, Kipketer alinituma na bahasha. Kiko Rongai, shamba la yule mzungu wanamwita Bwana Haraka. Kuna zahanati ya vibarua. Walitaka mkunga mwenye cheti."

"Kimeandikwa kazi pamoja na nani?"

"Na Jepkoech," akasema Mburu. "Jepkoech mwingine."

Wasomaji, kuna hasira inayokufanya upige kelele, na kuna ile inayokunyamazisha. Nilimtazama Mburu mpaka akarudi nyuma hatua moja. Kisha nikaenda kutafuta lori.

Nilipanda lori la magunia lililokuwa likienda Rongai. Dereva alitaka kuzungumza, nikamjibu kwa kichwa. Moyoni nilikuwa nimekwisha kupanga maneno yote. Nitaingia, nitakivuta cheti changu ukutani, huyo mwizi nitamfinya masikio mpaka aseme jina la mama yake. Kisha nitasimama mbele ya Bwana Haraka na kumwambia, mkunga wako ndiye mimi, nionyeshe kitanda.

Langoni palikuwa na mlinzi mwenye koti la jeshi.

"Unatafuta nani?"

"Namtafuta Jepkoech."

"Na wewe ni nani?"

"Jepkoech."

Akacheka mpaka akaegemea rungu. "Jepkoech anamtafuta Jepkoech. Haya, pita. Mkikutana mtasalimiana vipi?"

Zahanati ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya ghala la ngano. Mlango ulikuwa wazi. Kitu cha kwanza nilichoona ni cheti changu, kimewekwa kwenye fremu ya kioo, kinang'aa ukutani kama picha ya mfalme. Cha pili nilichoona ni msichana ameketi sakafuni, amevaa gauni jeupe la nesi, ameficha uso kwenye magoti.

"Simama," nikamwambia.

Akasimama. Alikuwa mdogo. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na mwanamke mkubwa mwenye ulimi mrefu, na sasa nimeletewa mtoto mwenye macho yaliyovimba.

"Wewe ni nani?"

"Jepkoech."

"Unadanganya."

"Sidanganyi, dada. Naitwa Jepkoech. Mimi ni wa Tambach. Ukitaka kwenda kuuliza nyumbani, watakwambia."

"Na hii karatasi?"

"Ni yangu. Nilinunua." Alisema hivyo bila haya, kama mtu anayetaja shuka aliyoinunua dukani. "Mimi nilienda kwa Bwana Kipketer nikitaka kazi ya yaya. Akaniuliza jina. Nilipomwambia akafurahi sana. Akasema, wewe una bahati, karatasi yako imefika kabla yako. Baba aliuza mtamba ndiyo tukalipa. Bwana Kipketer akasema kila karatasi iko na mwenyewe, na mwenyewe ni yule jina lake limeandikwa. Si jina ni langu?"

Nikataka kumpiga kofi. Mkono uliinuka kabisa. Lakini nilikuwa namjibu nini? Jina lilikuwa lake. Alizaliwa alfajiri kama mimi. Yule mwizi alikuwa amemwuzia msichana huyu miaka yangu mitatu kwa jina lake mwenyewe, na mtoto wa watu aliamini kwamba hivyo ndivyo usomi unavyopatikana.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu."

"Na hapa unafanya nini wakija wagonjwa?"

"Wakiumwa kichwa nawapa kwinini. Wakiumwa tumbo nawapa ile chumvi ya kuharisha. Kidonda natia ile dawa ya zambarau."

"Na akina mama?"

Akatazama kabati.

"Nimekuuliza. Akina mama wenye uchungu?"

"Wanazalishwa na makogo huko kambini," akasema. Kogo ndiyo nyanya kwetu, na nilishukuru Mungu kwa ajili ya makogo hao. "Mimi nasimama tu na gauni. Lakini jana..."

"Jana nini?"

Nikamkalisha kwenye kiti, si kwa huruma, kwa sababu nilitaka asikie vizuri ninachouliza.

"Jana ilikuwa Cherono, bibi ya nyapara. Mtoto alikataa kutoka. Makogo wakasema, leo tumeshindwa, wewe nesi fanya ya kisomo. Watu walijaa mlangoni. Bwana Haraka pia alikuja akasema haraka, haraka. Nikafungua kabati. Nikaona ile sindano iko na picha ya mama kwenye boksi. Nikasema hii ni ya akina mama."

"Ilikuwa chupa ndogo ya kioo? Ya kuvunjwa shingo?"

"Ndiyo."

"Ukamdunga kabla mtoto hajatoka?"

"Si ndiyo nilitaka atoke, dada."

Nitawaeleza nyinyi ambao hamkusomea kazi hii. Ile ni sindano ya kufunga damu. Inadungwa mtoto akishatoka, ili tumbo la uzazi likaze na damu ikome. Ukiidunga mtoto angali ndani, tumbo linamkamata kama ngumi na halimwachilii. Linaweza hata kupasuka. Hilo tulifundishwa mwaka wa kwanza, na Sista, pamoja na ubaya wake wote, alitufanya tulirudie kila asubuhi kabla ya chai.

"Yuko wapi sasa?"

"Amepelekwa Nakuru leo asubuhi na gari ya Bwana. Alikuwa anaita mama yake."

"Wale wa hospitali wameambiwa alidungwa nini?"

"Hapana. Bwana aliniuliza, nikamwambia ni dawa ya homa. Niliogopa."

Basi wasomaji wangu, hapo ndipo hasira yangu ilipoacha kuwa ya karatasi. Nilimwona Kipketer akilini na tai yake, nikamwona anakiinua cheti kwenye mwanga wa dirisha. Hakuuza kazi. Alikuwa ameuza kitanda cha Cherono, na akarudi nyumbani kula kuku.

"Vua," nikamwambia msichana.

"Nini?"

"Vua hiyo nguo. Vua sasa hivi. Hutavaa tena nguo ya wakunga maadamu mimi ni hai."

Akavua akilia, akabaki na kigauni chake cha maua. Nikalivaa lile gauni jeupe, nikafunga vifungo mpaka shingoni. Nikakitoa cheti ukutani, fremu na yote, nikakitia kwapani. Nilifanya hivyo kwa sababu moja. Najua mabwana hawa. Ukienda kwao na leso kichwani wewe ni bibi wa kibarua. Ukienda na nguo nyeupe watakusikiliza, na nilitaka anisikilize upesi, kwa sababu huenda Cherono alikuwa bado anaita mama yake.

Bwana Haraka alikuwa kwenye baraza ya ofisi na karani wake. Vibarua wa zamu ya mchana walikuwa wamepanga foleni ya posho. Nilipita mbele yao wote.

"Bwana, piga simu hospitali ya Nakuru," nikasema. "Waambie yule mama aliyeletwa kutoka hapa amedungwa sindano ya kufunga damu kabla mtoto hajatoka. Wasipojua hivyo watampoteza."

Akanitazama kama mtu aliyeona jiwe linasema. "Nani hii?"

"Mimi ni Jepkoech. Mkunga."

"Wewe hapana Jepkoech. Jepkoech yangu iko kule. Wewe natoka wapi?"

"Jepkoech mwenye cheti hiki ni mimi. Yule ni mtoto, hakusoma. Cheti ni changu, nilikipata misheni. Piga simu, Bwana, tutabishana baadaye."

"Wewe naiba nguo. Naiba karatasi. Karani, ita mlinzi."

Ndipo nilipopiga kelele. Sijutii kelele ile, nasema kweli. Nilipiga kelele kwa ajili ya ada zote, na mtihani wa mvua, na Mwalimu Kiptanui benchini. Niliinua fremu juu watu wote waione.

"Jepkoech ni mimi," nikasema. "Nyinyi nyote sikieni. Mkunga wa shamba hili, ambaye jina lake liko hapa, ni mimi. Sindano ile ni ya kufunga damu, na alidungwa angali na mtoto. Karani, kama Bwana hapigi simu, piga wewe."

Karani aliinuka nusu. Bwana Haraka akamtazama, karani akaketi tena.

Wakati ule ule gari la Bwana likaingia uani. Aliyeshuka kwanza ni sajenti wa polisi. Nyuma yake akashuka mtu mrefu mwenye koti la mvua, anatembea kana kwamba ardhi si yake. Watu wa foleni wakavua kofia, nami nikajua huyo ni Kosgei, nyapara, mume wa Cherono. Na nilijua, kabla mtu hajasema neno, kwamba simu haina kazi tena.

"Amekufa njiani, kabla ya kufika mjini," sajenti akamwambia Bwana. "Na mtoto ndani. Daktari amesema kuna dawa alipewa ambayo si ya kupewa. Namtaka nesi wa hapa. Nimeandikiwa anaitwa Jepkoech."

Bwana Haraka aligeuka. Alinitazama mimi, nguo nyeupe mpaka shingoni, cheti mkononi. Kisha akamtazama yule msichana aliyekuwa amekuja nyuma yangu na kusimama miongoni mwa akina mama wa posho, na kigauni chake cha maua, hana tofauti nao. Yeye ndiye aliyemwandika mtoto wa darasa la tatu. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni akisema haraka. Mtu yule hakuwa mpumbavu, na macho yake yalirudi kwangu yakatulia.

"Jepkoech iko hii," akasema, akaninyooshea kidole.

"Bwana," nikasema, "sasa hivi umesema..."

"Yeye nasema yeye mwenyewe. Mimi nasikia. Karani nasikia. Watu yote nasikia."

Nikamtafuta karani kwa macho. Karani alikuwa anapanga upya karatasi zilizokuwa zimepangika. Nikamtafuta mlinzi wa langoni, yule aliyenicheka, aliyejua nimeshuka kwenye lori la magunia siku ile ile. Mlinzi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Wewe," nikamwambia msichana. "Waambie."

Nilimwona akimtazama Kosgei, akimtazama sajenti, akitazama pingu kiunoni mwake. Alikuwa mtoto, na baba yake alikuwa ameuza mtamba kwa ajili yake, na nadhani wengi wetu tungefanya alivyofanya.

"Ni huyu," akasema kwa sauti ndogo. "Karatasi ni yake."

Na kweli ilikuwa yangu. Tangu Kipketer alipokichukua cheti nilikuwa nikililia neno hilo moja, mtu mmoja tu aniambie kwamba karatasi ni yangu, na sasa uwanja mzima ulikubali bila ubishi.

Sajenti akanishika mkono juu ya kiwiko, si kwa nguvu. Akaichukua fremu, akasoma jina, akatikisa kichwa.

Kosgei alikuja akasimama mbele yangu. Hakunipigia kelele, wala hakuinua mkono. Aliniuliza kwa lugha yetu, taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Ulimdunga nini bibi yangu?"

Na karani, na mlinzi, na foleni yote ya posho walikuwa wametoka kunisikia nikilitaja jibu.